Namna ya kuchagua bastola isiyopiga teke kali kwa ulinzi wa nyumba

Mtu anayenunua bastola yake ya kwanza nchini Marekani ili kulinda nyumba mara nyingi huingia dukani akiamini kwamba bastola ndogo ni nyepesi, na kwamba nyepesi ndiyo rahisi kuitumia. Imani hiyo si sahihi, na inawaumiza zaidi wale wale inaodaiwa kuwasaidia, yaani wazee, watu wenye viganja vidogo, na wenye baridi yabisi kwenye vidole. Bastola inayoenea katika mfuko wa suruali hupiga teke kali, yaani hurudi nyuma mkononi kwa nguvu inapofyatuliwa, kuliko bastola kubwa ya askari polisi. Baada ya risasi chache mwenyewe huanza kuiogopa, huacha mazoezi, na hatimaye hubaki na silaha ndani ya nyumba ambayo hawezi kuimudu. Hali hiyo ni ya hatari kuliko kutokuwa na silaha kabisa, na inaweza kuepukwa kwa maarifa kidogo na subira dukani.

Sheria kabla ya duka

Ninawalenga hasa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, kwa sababu huko bastola ya nyumbani ni jambo la kawaida, na mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mtu binafsi ana haki ya kikatiba ya kuwa nayo nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Aliyeko Kenya aanzie kwenye Bodi ya Leseni za Silaha, na aliyeko Tanzania aanzie polisi chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, kwani taratibu za huko ni tofauti kabisa na haya ninayoyaeleza.

Haki hiyo haimfikii kila mkazi wa Marekani. Sheria ya shirikisho inamtaka mnunuzi wa bastola katika duka lenye leseni awe ametimiza miaka 21, na anunue katika jimbo analoishi. Mwenye ukazi wa kudumu anaruhusiwa, na mkimbizi aliyepokewa kisheria anaruhusiwa pia, lakini mwenye viza ya muda, kama vile ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa awe na sababu maalumu inayotambuliwa na sheria, kama leseni halali ya uwindaji. Asiye na hati za kuishi nchini haruhusiwi, wala aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa kinyumbani, hata kama kosa lilihesabiwa kuwa dogo. Dukani utajaza fomu namba 4473, kisha jina lako litapitishwa katika mfumo wa ukaguzi ulioanza kazi mwaka 1998. Jibu kila swali kwa ukweli, kwa maana kudanganya katika fomu hiyo ni jinai, na kwa mgeni matokeo yake yanaweza kufikia kufukuzwa nchini. Usikubali hata kidogo kumnunulia ndugu au rafiki ambaye mwenyewe hawezi kununua. Tangu mwaka 2022 kosa hilo peke yake linaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 15.

Majimbo nayo yana masharti yao. Illinois inataka kitambulisho cha mmiliki wa silaha kabla ya kununua chochote, Minnesota inataka kibali cha kununulia bastola kinachotolewa na polisi, na California humfanya mnunuzi asubiri siku 10. California, New York na New Jersey zinaweka ukomo wa risasi 10 katika magazini moja, yaani kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini. Ulizia jimboni kwako kwanza, kwa sababu huenda bastola uliyoipenda haiuzwi huko.

Teke linatoka wapi

Risasi inaposukumwa mbele, bastola nayo husukumwa nyuma kwa nguvu ile ile, na jambo linaloamua itarudi kwa kasi gani ni uzito wake. Ukisukuma kwa nguvu moja mkokoteni mtupu na mkokoteni uliojaa mchanga, mtupu ndio utakaokimbia. Mifano miwili ya kweli italifanya jambo hili lionekane kwa tarakimu.

Chukua Glock 19, bastola ya milimita 9 ambayo ikiwa imejazwa risasi 15 ina uzito wa gramu 850 hivi. Kichwa cha risasi yake ya kawaida kina gramu 7.5 na hutoka kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde. Ukigawa, bastola hurudi nyuma kwa kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde, mbali na mchango wa moshi wa baruti. Sasa chukua Ruger LCP, bastola ya mfukoni ya .380 (ukubwa wa risasi unaotajwa kwa sehemu za inchi, kama .40 au .22) ambayo ikiwa imejazwa haizidi sana gramu 330. Risasi yake ni dhaifu kwa mbali, kwa kuwa kichwa kina gramu 6 tu na husafiri takriban mita 290 kwa sekunde, lakini bastola yenyewe hurudi nyuma kwa zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Risasi dhaifu imeleta teke kali zaidi, na tena teke hilo linaingia mkononi kupitia mpini mwembamba unaokamatwa na vidole viwili tu. Muuzaji anayekwambia kwamba .380 haina teke anazungumzia risasi na kuisahau bastola.

Ichukue risasi hiyo hiyo ya .380 uitie katika bastola ya gramu 600, na picha inageuka kabisa: kasi ya kurudi nyuma inashuka hadi mita 3 kwa sekunde katika chombo chepesi kuliko Glock 19, kwa hiyo nishati inayoingia mkononi ni pungufu kwa theluthi hivi kuliko ile ya Glock 19. Hapo ndipo mtu mwenye mkono dhaifu anapopata nafuu ya kweli.

Kuna mambo mengine matatu yanayoongeza au kupunguza maumivu. La kwanza ni upana na umbo la mpini: mpini mpana hutawanya msukumo katika kiganja kizima, ilhali mwembamba huukusanya kwenye mfupa wa kidole gumba. La pili ni kimo cha mtutu juu ya mkono. Kadiri mtutu unavyokaa karibu na kiganja, ndivyo mdomo wake unavyoruka kidogo. La tatu ni mtambo wa ndani. Katika baadhi ya bastola, Walther PPK ikiwa mfano unaojulikana, slaidi, yaani kipande cha juu kinachoteleza nyuma na mbele kila risasi inapolia, huzuiwa na uzito wake na springi peke yake, hivyo springi hiyo haina budi kuwa ngumu, na slaidi hurudi kwa kishindo. Bastola nyingi za leo hutumia mtutu unaofungamana na slaidi kwa muda mfupi na kurudi nayo pamoja, jambo linalolainisha msukumo na kuruhusu springi laini zaidi. Uliza dukani ni mtambo gani umo ndani kabla hujatazama bei.

Ukubwa wa risasi

Kwa mtu mzima wa kawaida, milimita 9 katika bastola yenye mtutu wa takriban sentimita 10 na uzito usiopungua gramu 600 ndilo jibu langu la kwanza. FBI yenyewe, shirika la upelelezi la Marekani, iliyokuwa ikitumia .40 yenye teke kali zaidi, ilirudi kwenye milimita 9 katikati ya muongo wa 2010, kwa kuwa risasi za kisasa zinatosha na askari wengi hulenga vizuri zaidi wakiwa nayo. Kama wao wanaofundishwa kazi hiyo walinufaika, mama wa nyumbani anayefanya mazoezi mara moja kwa mwezi hana sababu ya kubebeshwa .40 wala .45.

Kwa mwenye mkono dhaifu, .380 katika bastola ya ukubwa wa kati ni chaguo la heshima. Risasi ya .22 ina teke dogo kuliko zote, lakini kilipuzi chake kimepakwa katika ukingo wa ganda na mara nyingine hakiwaki, kwa hiyo ningeipendekeza kwa mtu ambaye mkono wake hauvumilii kingine chochote, na kwa kujifunzia, ambako haina mpinzani.

Ushike mpini, ukoki slaidi

Dukani, mwombe muuzaji aikague bastola mbele yako, atoe magazini, afungue slaidi, akuonyeshe kwamba chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kulia, ni tupu. Wewe nawe tazama kwa macho na upapase kwa kidole. Elekeza mtutu mahali salama muda wote na usiweke kidole kwenye kifyatulio mpaka upewe ruhusa.

Kisha ishike hivi. Sukuma nafasi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada juu kabisa nyuma ya mpini, chini ya slaidi, huku mtutu ukiwa umenyooka sambamba na mfupa wa mkono wako kuanzia kiwiko. Bila kuugeuza mpini, nyoosha kidole cha shahada. Ncha yake ya nyama, ile ya pingili ya kwanza, ifike katikati ya kifyatulio. Ikiwa unalazimika kuuzungusha mkono ili kufikia, mpini ni mnene mno kwako, na msukumo wote utaishia kwenye kifundo cha kidole gumba. Bastola nyingi za sasa huja na migongo ya kubadilisha ya ukubwa tofauti. Zijaribu zote kabla ya kukata tamaa.

Baada ya hapo, koki, yaani irudishe slaidi nyuma kabisa kisha uiachie. Watu wengi hujaribu kuivuta slaidi kwa vidole viwili huku mikono ikiwa imenyooshwa mbele, wakashindwa, wakadhani hawana nguvu. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea pembeni mahali salama. Iweke slaidi katika kiganja cha mkono wa pili, vidole vinne upande mmoja na kiganja upande wa pili, uikamate kwa nyuma, mbali na mdomo wa mtutu. Kisha isukume bastola mbele kwa mkono wenye nguvu huku mkono wa pili ukiizuia slaidi isiende nayo. Nguvu ya bega inaingia kazini badala ya nguvu ya vidole, na bibi wa miaka 70 anaweza kuikoki bastola aliyokuwa ameishindwa. Rudia mara kadhaa mfululizo, kwa maana slaidi inayokubali mara moja na kukataa mara ya tano itakukataa usiku ukiwa umeamshwa ghafla.

Ikiwa hata hivyo inakushinda, zipo bastola zilizobuniwa kwa ajili ya tatizo hilo. Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ, iliyotolewa mwaka 2018, ina slaidi laini kupita kiasi, uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo, na magazini ya risasi 8 yenye kitufe cha kushushia springi wakati wa kujaza, jambo ambalo wenye vidole vinavyouma watalishukuru. Kuna toleo lake la milimita 9 pia. Ukikutana na moja iliyotumika ya mwaka 2020, linganisha namba yake na tangazo la kiwanda, kwa sababu baadhi za mwaka huo ziliitwa zirudishwe ili kubadilishiwa nyundo, kile kipande kinachogonga ili risasi ilie. Ruger Security-380, ya mwaka 2023, nayo ni laini kukoki na hubeba risasi nyingi zaidi. Walther PDP-F ya milimita 9 ilitengenezwa kwa kuzingatia viganja vya wanawake, mpini wake ni mwembamba kwa umbali wa kifyatulio lakini bastola yenyewe haikupunguzwa hadi kuwa kichezeo. Glock 19 inabaki kuwa kipimo cha kulinganishia nyingine zote, na yule ambaye haibebi popote, anaihifadhi chumbani tu, asiogope bastola ya chuma kama CZ 75, inayokaribia kilo moja na kurudi nyuma kwa upole mkubwa, ingawa slaidi yake ni fupi kwa kimo na ngumu kidogo kushika.

Kuhusu rivolva

Ushauri wa zamani ulikuwa kumpa kila mgeni wa silaha rivolva ndogo, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, kwa kuwa haina slaidi ya kukoki. Nusu ya ushauri huo ni sahihi. Rivolva ya .38 Special yenye mtutu wa sentimita 10 na fremu ya chuma, kama Smith & Wesson Model 10 ya takriban kilo moja, ni tulivu sana mkononi, hasa ikitiwa risasi bapa za mazoezi zenye baruti kidogo. Lakini rivolva inayowekwa mbele ya mteja kwa kawaida ni ile ya mtutu wa sentimita 5 na fremu ya alumini, kama Model 642 yenye gramu 400 na ushei, na hiyo huumiza hata mkono wa mkulima. Zaidi ya hayo, kifyatulio cha rivolva bila kuvuta nyundo kinahitaji mvuto wa kilo 4.5 hadi 5.5, mara mbili ya Glock, na kwa kidole chenye baridi yabisi huo ni mtihani mzito kuliko kukoki slaidi. Nikipewa nafasi ya kumshauri mtu wa namna hiyo, humwambia avute kifyatulio cha rivolva tupu mara kumi akiwa ameshika shabaha bila mtutu kutikisika, ndipo aamue.

Fyatua kabla ya kulipa

Kupapasa dukani hakutoshi. Viwanja vingi vya kulengea shabaha hukodisha bastola, na fedha ya kukodi tatu au nne ni ndogo sana kuliko hasara ya kununua moja na kuiuza baada ya mwezi. Nenda na mwalimu au mtu mwenye ujuzi. Vaa miwani, na uzibe masikio kwa vizibo vya ndani pamoja na vya juu. Mlio wa bastola ni wa desibeli 160 hivi, na masikio huanza kuharibika kwa mlio mmoja kuanzia desibeli 140. Mtu asiyezibwa vizuri hudhani anaogopa teke, kumbe anaogopa mlio.

Anza na risasi moja tu ndani ya magazini, kisha mbili, kisha tano. Simama mita 5 hadi 7 kutoka kwenye shabaha, kwa kuwa umbali wa ndani ya nyumba hauzidi sana hapo, na ufyatue risasi tano mfululizo kwa mwendo wa kawaida. Tazama zimekaa vipi: zikiwa pamoja katika upana wa kiganja, bastola na wewe mnaelewana, zikiwa zimetawanyika kwenda chini na pembeni, kuna woga. Ili kuuthibitisha, mwombe mwenzako ajaze magazini kwa siri, akichanganya risasi bandia moja au mbili. Ukifikia risasi bandia, bastola haitalia, na kila mtu ataona mdomo wa mtutu ukizama chini kwa sababu mkono umejitayarisha kupokea teke ambalo halikuja. Bastola ambayo inakufanya uuzamishe mtutu hivyo baada ya risasi 50 si yako, hata ikisifiwa namna gani.

Angalia pia kama maganda yanatoka vizuri kila mara. Bastola nyepesi sana ikishikwa kwa kiwiko na kifundo cha mkono vilivyolegea inaweza kukwama, kwa kuwa slaidi inahitaji kitu imara cha kurudia dhidi yake. Bastola nzito kidogo huvumilia mshiko dhaifu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia ndogo.

Risasi za mazoezi na risasi za kuhifadhi nyumbani si zile zile. Za nyumbani ziwe na ncha yenye tundu, inayopanuka ikigonga na hivyo kupunguza hatari ya kupita na kumfikia asiyehusika. Hata hivyo kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni bao za jasi, na karibu kila risasi ya bastola inayofaa kwa kujilinda hupenya. Jua watoto wanalala upande gani kabla ya kitu kingine chochote. Fyatua angalau maboksi mawili ya aina utakayoihifadhi ili uhakikishe inafanya kazi katika bastola yako, kwani baadhi ya bastola huchagua risasi.

Mahali itakapokaa

Bei ya sefu ihesabiwe pamoja na bei ya bastola tangu mwanzo. Sheria ya mwaka 2005 inamtaka muuzaji akupe kifaa cha kufungia bastola, lakini kufuli ya waya si sefu. Nunua sefu ndogo ya vitufe inayofunguka gizani kwa vidole, ifungwe kwa skrubu kwenye sakafu au fremu ya kitanda, na usiamini kwamba mtoto hajui mahali ulipoificha. Mtoto anajua. Bastola ya slaidi laini na kifyatulio chepesi ni laini kwa mtoto pia, na kadiri unavyofanikiwa kupata silaha rahisi kutumia, ndivyo wajibu wa kuifungia unavyoongezeka.

Jambo jingine linahitaji kusemwa wazi, kwa sababu katika jamii zetu husemwa kwa shida. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi nchini Marekani ni vya watu wanaojiua wenyewe. Ikiwa ndani ya nyumba kuna mtu aliyezongwa na huzuni, aliyepoteza kazi au mpendwa, au kijana aliyejitenga na wenzake, ahirisha ununuzi, na kama bastola ipo tayari, iondoe ikae nje ya nyumba kwa njia ambayo sheria ya jimbo lako inaruhusu mpaka hali itulie. Namba 988 hupokea simu za msaada wa namna hiyo saa zote za mchana na usiku.

Baada ya kununua, panga tarehe ya mazoezi kila mwezi, risasi 50 zinatosha, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi. Nyumbani, zungumza na wote wanaoishi nawe kuhusu usiku wa dharura: ni chumba gani mtakusanyika, nani atapiga 911 na kueleza anwani, na nani atakaa na bastola nyuma ya mlango uliofungwa bila kutoka kwenda kumtafuta mwizi sebuleni.